Kupiga picha viwanda vya zamani na hoteli za ufukweni msimu ukiisha

Ndani ya kiwanda kilichofungwa tatizo kubwa huwa dirisha. Ukipima mwanga ukumbini, dirisha linageuka doa jeupe. Ukipima dirishani, mashine zinazama gizani. Weka kamera kwenye tripodi, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), kisha piga fremu 3 hadi 5 za kuunganisha baadaye kuwa picha moja, zinazopishana stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), ukibadilisha kasi ya shata, yaani muda inaokaa wazi, peke yake. Ukigusa f, eneo lililo kwenye fokasi linabadilika na fremu hazilingani wakati wa kuziunganisha. Fokasi iwe ya mkono, kizuia mtikisiko kizimwe, na tumia taima ya sekunde 2. Sakafu ya mbao hutikisika hata ukihamisha mguu, kwa hiyo simama tuli mpaka shata ifunge. Hapo ndipo picha nyingi nzuri hupotea.

Ufukweni adui ni chumvi. Upepo wa bahari huacha utando kwenye lenzi, na picha zinapauka. Usifute kikavu, chembe zitakwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kuta nyeupe za hoteli chini ya mawingu hudanganya kipima mwanga, hivyo ongeza mwanga kama stopu 1, la sivyo zitatoka za kijivu.