Somo: Korido ya ghorofa yenye baiskeli na baraza

Tanga ni mji wa baiskeli, lakini ghorofa zetu mpya zinachorwa kana kwamba kila mpangaji ana gari. Baiskeli zinaishia kufungwa kwenye vyuma vya ngazi, watu wanajigonga ugoko kwenye pedeli. Ramani ikiwa bado mezani, fanya hivi.

Hatua ya 1: Pima baiskeli kwanza. Ya kawaida ina urefu wa sentimita 180 hivi, usukani 60. Kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 90 kupita. Korido ya sentimita 120 basi haitoshi, hata ubembeleze vipi.

Hatua ya 2: Tenga kona ya baiskeli kando ya mlango wa chini, nje ya njia ya ngazi. Baraza ilielekee kona hiyo. Wazee wakikaa na bao lao, mwizi atapita wapi? Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama.

Hatua ya 3: Wengi hukimbilia ndoano za kutundika gurudumu la mbele. Zinaokoa ukuta, ila baiskeli inatokeza karibu mita 1 njiani. Kwenye korido isimamishe sambamba na ukuta, na uchimbie pete ya chuma ya kufungia fremu, si gurudumu. Chuma kiwe kilichopakwa zinki. Hewa ya bahari haina huruma.

Hatua ya 4: Kiti cha baraza kiwe cha saruji, kimo sentimita 45. Matofali ya matundu kwa upepo. Sakafu ipigwe ufagio ikiwa mbichi, isiteleze masika.

MASWALI

— Shikamoo fundi. Nakaa ghorofa ya pili, ngazi tupu.
— Marahaba. Weka mfereji mwembamba pembeni mwa ngazi, gurudumu lipande humo ukisukuma. Uuache mbali kidogo na ukuta, pedeli isikwaruze. Wenye keria za matenga wabaki chini.

— Kizingiti chetu kina sentimita 15. Mteremko uwe mrefu kiasi gani?
— Moja kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo, 12 za urefu, yaani mita 1.8.

— Jirani anachajia baiskeli ya umeme koridoni.
— Mkatazeni. Betri ya lithiamu ikilipuka, moshi unajaza njia mnayokimbilia.

— Na jiko la mkaa barazani, la kahawa?
— Likae uani, dada. Gesi ya mkaa ni sumu na haina harufu. Kahawa ije na birika lake.