Msuli Mmoja Ufanyiwe Mazoezi Mara Ngapi kwa Wiki?

Katika jimu nyingi, iwe ya mashine za kisasa au ile ya uani yenye vyuma vilivyomiminiwa zege kwenye makopo, Jumatatu ni siku ya kifua, na anayefuata ratiba hiyo hakigusi tena kifua mpaka wiki nyingine. Ratiba hiyo hujenga mwili, lakini kwa watu wengi ipo namna bora ya kuigawa kazi ileile.

Baada ya mazoezi mazito, msuli huongeza kasi ya kujenga protini zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipoipima kasi hiyo mwaka 1995 kwenye misuli ya mkono ya vijana waliozoea vyuma, waliikuta imezidi maradufu saa 24 baada ya mazoezi, na kufikia saa 36 ilikuwa karibu imerejea kawaida. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba siku nyingi zenyewe ndizo zinazokuza misuli. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Brad Schoenfeld, mtafiti wa mazoezi wa Marekani, mwaka 2016 yalionyesha kuwa mara mbili kwa wiki ni bora kuliko mara moja, ila mapitio yake ya mwaka 2019 yalibainisha kwamba jumla ya seti za wiki (seti ni marudio kadhaa ya zoezi yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika) ikiwa sawa, tofauti inakuwa ndogo sana.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu seti, kisha ndipo uchague siku. Seti 10 kwa kila msuli kwa wiki ni mwanzo mzuri, mradi kila seti iishie ukiwa umebakiza nguvu za rudio moja hadi matatu tu. Chukua mfano wa mtu anayefanya seti 12 za kifua siku moja: chuma cha kilo 60 alichokisukuma mara 10 katika seti ya kwanza, kufikia seti ya tisa anakisukuma mara tano, mikono ikitetemeka na kiuno kikinyanyuka kwenye benchi. Akifanya sita Jumatatu na sita Alhamisi, zote zinakuwa seti za maana. Faida ya kugawa ni hiyo hasa.

Nguvu ina jambo lake la ziada, kwa kuwa kuchuchumaa na chuma kizito mabegani ni ufundi ambao mishipa ya fahamu hujifunza kwa kurudiarudia. Anayetaka nguvu alifanye zoezi lake kuu mara mbili au tatu kwa wiki, siku moja ikiwa nzito na nyingine nyepesi kidogo.

Anayeanza afanye mwili mzima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mzoefu anaweza kutumia siku nne, mbili za sehemu ya juu ya mwili na mbili za miguu, akiacha takriban saa 48 kabla ya kurudia msuli uleule.

Andika uzito na marudio kwenye daftari. Marudio yakishuka wiki mbili mfululizo ilhali unakula na kulala vizuri, punguza seti kwanza kabla ya kupunguza siku. Na unapohamia ratiba mpya, usibebe seti zako zote za zamani kila siku ya mazoezi. Ukifanya hivyo utakuwa umeongeza kazi maradufu, hukuigawa.