Somo: Chama cha sanduku, kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya kugawana

Kisumu hakuna uhaba wa vyama. Utamkuta mtu ana vitatu, na bado mwisho wa mwezi anazunguka ploti akitafuta wa kumwazima mia tano. Vingi ni vya mzunguko: wiki hii tunampa huyu, wiki ijayo yule. Mzunguko utakununulia godoro, sikatai, lakini ugonjwa wa mtoto haungoji zamu, na aliyepokea mwanzoni ndiye wa kwanza kuacha kushika simu.

Somo la leo ni la chama cha aina nyingine. Kila mkutano wanachama wananunua hisa, pesa hizohizo zinakopeshwa papo hapo, riba inarudi sandukuni, na mwisho wa mwaka kila kitu kinagawanywa kulingana na hisa za kila mtu. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika. Hauhitaji benki wala mfadhili. Unahitaji watu wasioona aibu kuulizana habari za pesa, na kwetu hapo ndipo kazi ilipo.

Hatua ya 1: Watu

Watu 15 hadi 25 wanatosha. Wakizidi hapo mkutano unakuwa wa kutwa nzima na watu wanaanza kutoroka. Chagua mtu ambaye nyumba yake unaijua na kazi yake unaiona. Usijaze ndugu wa boma moja, kwa sababu siku shemeji atakaposhindwa kulipa hakuna atakayefungua mdomo.

Hatua ya 2: Katiba na bei ya hisa

Kurasa mbili zinatosha: siku na saa ya mkutano, faini za kuchelewa, bei ya hisa, riba, muda wa mkopo, na anayejitoa katikati ya mwaka analipwaje. Isomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kila mtu atie sahihi au alama ya kidole.

Kwenye bei ya hisa msiwe na haraka. Hisa moja iwe kiasi ambacho mwenye kipato kidogo kuliko wote anaweza kukitoa hata wiki mbaya. Kisha kila mkutano mtu ananunua kati ya hisa 1 na 5, kama mfuko wake unavyoruhusu. Hapa ndipo chama hiki kinapomfaa muuza omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena na mashua hurudi nyepesi. Tena kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa ili samaki wazaane. Mama anayepima omena kwa gorogoro pale Kibuye hawezi kutoa kiasi kilekile kila wiki mwaka mzima. Ukimlazimisha, ataazima kwa mwingine ili aje kuweka kwenu, na mtaiita akiba. Mwache anunue hisa 5 wiki za giza na hisa 1 wiki za mbalamwezi. Mtu wa boda naye ana majira yake, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo mnajua wenyewe.

Hatua ya 3: Sanduku na viongozi

Fundi wa jua kali atawatengenezea sanduku la bati nene lenye nafasi ya kufuli tatu. Chagueni mwenyekiti, katibu, mshika sanduku na wahesabu wawili. Kura ipigwe kwa kokoto ndani ya vikopo, watu wakiwa wamegeuka, maana kura ya kunyoosha mkono kila mtu humtazama mwenye nyumba anayepangisha.

Funguo tatu zikae kwa wanachama watatu ambao si viongozi na hawaishi ploti moja. Mshika sanduku ana sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja.

Hatua ya 4: Mkutano wenyewe

Kaeni duara, kila mtu na namba yake, namba hizo zisibadilike mwaka mzima. Kabla kufuli hazijafunguliwa, katibu anauliza: “Mkutano uliopita tulifunga na shilingi ngapi?” Watu wanajibu kwa kukumbuka. Ndipo wenye funguo wanakuja mbele, sanduku linafunguliwa, na wahesabu wanahesabu noti moja moja mbele ya wote. Jibu la duara na hesabu ya beseni lazima vilingane.

Kisha namba moja anaitwa. Anasimama, anaweka pesa ndani ya beseni. Mhesabu anasema, “Mia tatu, hisa tatu.” Katibu anapiga mihuri mitatu kwenye kitabu cha hisa cha mwanachama huyo, anakata kwa kalamu nafasi mbili zilizobaki ili mtu asije akazijaza baadaye, anamrudishia akague. Noti zitanuka omena, zingine zimekunjwa hadi zimekuwa kama kitambaa. Zinyoosheni zote, kisha mzihesabu. Namba mbili. Namba tatu. Mkutano ukiisha, vitabu vyote vinafungiwa ndani ya sanduku. Havilali nyumbani kwa mtu.

Wageni huona mambo haya kama mchezo wa watoto. Lakini vyama ambavyo nimeona vikivunjika hapa mjini na kule Ahero vilianza kuoza mahali pamoja: kuna siku hesabu haikueleweka, na mtu akaona haya kumwambia mweka hazina, “Mama, hebu hesabu tena.” Mkizoea kuhesabu kwa sauti kila wiki, hakuna anayeonekana anamshuku mwenzake.

Hatua ya 5: Mikopo

Anzeni kukopesha baada ya wiki nne hivi, sanduku likishapata uzito. Mtu asikope zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na alipe ndani ya miezi mitatu. Anayetaka mkopo anasimama na kusema pesa ni za nini. Akisema ni za gunia la vitunguu, waliopo wanajua bei ya vitunguu, watamuuliza.

Riba ya asilimia 5 kwa mwezi inatosha. Mkopo wa Sh6,000 kwa miezi miwili unakuwa na riba ya Sh600. Najua vyama vingi hutoza asilimia 10. Ni tamu siku ya kugawana, lakini anayekamuliwa ni mwenzenu aliyekaa kwenye duara hilohilo.

Hatua ya 6: Mfuko wa jamii

Huu una beseni lake na kitambaa chake ndani ya sanduku. Kila mtu anatoa kiasi sawa, tuseme Sh20 kila mkutano, na pesa zake hazina riba. Ni za kumshika mkono mwenzenu: amelazwa, nyumba imeungua, mafuriko yameingia Nyando. Andikeni mapema ni nani matanga yake yanahusu chama. Mwanachama, mwenzi wake, watoto wake, wazazi wake. Hapo mpige mstari. Bila mstari huo, kwetu huku ambako mazishi hayaishi, mfuko utakauka kabla ya Pasaka. Walio nje ya orodha mnaweza kuwachangia kwa hiari, siku ya msiba, mifukoni mwenu.

Mkopo mmoja ninaoupenda sana ni wa kulipia SHA, bima ya afya ya serikali. Anayejitegemea hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, na kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Wengi hawana pesa hizo kwa mkupuo, lakini wanaweza kuzirudisha sandukuni polepole.

Hatua ya 7: Usajili

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi. Cheti hicho ndicho benki itakachotaka mkifungua akaunti, na ndicho mtakachoulizwa mkiomba mkopo wa Hazina ya Uwezo ya serikali.

Hatua ya 8: Kugawana

Mikopo yote iwe imerudi mwezi mmoja kabla. Hesabu ni hii: chukueni pesa zote za sanduku, mzigawe kwa idadi ya hisa zote. Tuseme watu 20 wamenunua hisa 4,000 za Sh100, na pamoja na riba na faini sanduku lina Sh460,000. Hisa moja sasa ni Sh115. Aliyenunua hisa 180 aliweka Sh18,000, anaondoka na Sh20,700.

Wengi hupenda kugawana kabla ya Krismasi. Mimi ni wa Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, na kila mwaka nabishana na watu juu ya jambo hili. Mtakavyoamua, tarehe isijulikane nje ya duara.

Maswali ya wanachama

Mama mboga, Manyatta: Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nitajuaje sijaibiwa?
Mama, ndiyo maana kitabu kinapigwa mihuri. Hisa moja, muhuri mmoja. Unahesabu kwa kidole. Na ile pesa ya kufunga mkutano unaikariri kama wengine. Wasiosoma mara nyingi ndio wanaoikumbuka vizuri.

Mwendesha boda, Nyalenda: Sanduku ni mambo ya kale, mwalimu. Kwa nini tusitume kwa M-Pesa?
Tumeni, ndugu yangu, lakini si kwa laini ya mtu. Laini ya mweka hazina ina namba ya siri inayojulikana na yeye peke yake. Akifariki au akipoteza simu mtaanza kutafuta warithi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, ambayo haitoi pesa bila wawili kukubali, na ujumbe wa kila malipo usomwe kwenye mkutano. Sanduku likibaki na pesa nyingi baada ya mikopo, zipelekeni kwenye akaunti hiyo. Sanduku lenye laki ndani halimpi mtu usingizi.

Mwanachama, Luanda: Mwenzetu alikopa akahamia Nairobi. Wengine wanasema twende tubebe viti na sufuria za mkewe.
Msiende. Kuingia nyumba ya mtu kubeba vitu kunaweza kuwapeleka polisi nyinyi wenyewe. Kateni akiba yake kwanza, iliyobaki waulizeni wadhamini wake wawili. Kama hakuwa na wadhamini, wekeni sheria hiyo leo. Na mpigieni simu kabla ya yote. Huenda anaona haya tu.

Dada, Kakamega: Mume wangu hajui niko chamani. Ni vibaya?
Hilo ni lako na nyumba yako, dada, sitaliingilia. Ninachokuomba ni uandikishe jina la mrithi kwenye kitabu chako, awe dada yako au mtoto mkubwa, na umwambie. Wanachama wanafariki, na hisa zisizo na mrithi hugombaniwa kaburini.

Kijana, Kaptembwo, Nakuru: Tuko wanane tu. Tungoje?
Anzeni Jumamosi hii na beseni na daftari. Kusajili mtasajili mkifika kumi, na sanduku mtalinunua kwa faini za wanaochelewa.