Jinsi ya kujua ndege itatumia masaa mangapi, kwa sisi tunaoanzia Tanga

Jamani ndugu zangu wa Tanga, kama una mtu anasafiri mpigie hesabu mapema, maana dada yangu tiketi yake iliandikwa 00:40 ya Jumanne na sisi Jumanne asubuhi ndo tunapakia mabegi kwenye basi pale Kange, tumefika Segera anaisoma tena tiketi, kumbe ndege imeshaondoka usiku wa kuamkia hiyo Jumanne. Alilia mpaka Chalinze.

Anza na umbali. Ndege haifuati barabara, Tanga mpaka Dar kwa basi ni kama kilomita 350 ila ukivuta mstari ulionyooka ni 200 tu. Safari ya mbali usipime kwenye ramani ya ukutani, dunia ni mviringo na ile karatasi inavuruga umbali, tafuta tufe la dunia hata la shuleni, chukua kipande cha mshipi wa kuvulia, shika Dar kwa kidole, vuta mpaka Guangzhou halafu ukaze. Tufe la upana wa sentimita 30 mzunguko wake ni sentimita 94, na dunia yenyewe ni kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita ni kama kilomita 425. Mshipi unakupa sentimita 20 na nusu, yani kilomita 8,700 hivi. Huna tufe, Google Earth ina rula yake.

Sasa gawa kwa 850, ndo mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Guangzhou inakuja masaa 10 na dakika 45. Muscat, kilomita 3,970, masaa 5 na dakika kumi hivi. Kama anaunganisha ndege piga kila kipande peke yake, na masaa ya kusubiri jumlisha.

Hapa ndo wengi tunapotea: muda wa kuondoka ni saa za huku, wa kufika ni saa za kule. Tuseme anaondoka Dar 16:00, yani saa 10 jioni, anafika Guangzhou 07:45 kesho yake. Ukitoa hivi hivi unapata karibu masaa 16, sio kweli, China wako mbele yetu masaa 5, toa hayo kwanza. Kurudi huwa kunachelewa kidogo, huko juu upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwahiyo ndege inaupinga.

Na uwanjani uwepo masaa matatu kabla. Kwa ndege ya saa 10 jioni hiyo ni saa 7 mchana, basi la alfajiri likikwama tu umeisha, sisi siku hizi tunaondoka Tanga siku moja kabla tunalala kwa shangazi Ukonga.