Insulini bila friji, hapa Kirumba, Mwanza

Kongosho langu liligoma nikiwa kidato cha pili. Wenzangu wakila ugali na sato, sukari ikipanda damuni, tezi hiyo inamwaga insulini ya kuishusha yenyewe, kwa kipimo. Mimi namwaga kwa sindano, hesabu napiga mwenyewe.

Insulini hutaka ubaridi, na friji sina. Chukua chungu kikubwa, tia mchanga, umwagie maji, kisha zamisha chungu kidogo katikati. Kichupa cha insulini kikae humo, ndani ya mfuko mkavu. Funika kwa kitambaa kilicholoa, weka kivulini panapopita upepo wa ziwa. Mchanga usikauke. Kichupa ukishakifungua, siku 28 zikiisha kitupe. Na usikilaze juu ya barafu ya samaki! Mimi nilijaribu pale mwaloni, insulini ikaganda, ikaharibika, sukari ikanisumbua siku mbili.

Kuchoma ni kazi ndogo: finya ngozi ya tumbo, vidole vitatu kutoka kitovuni, choma, hesabu hadi kumi, chomoa. Kesho hamia upande mwingine. Nilizoea sehemu moja mpaka pakaota kinundu, dawa ikawa haifanyi kazi vizuri.

Ukianza kutetemeka na jasho baridi, sukari imeshuka: kunywa soda upesi, ile yenye sukari.