Kabla Hujawagawia Wafanyakazi Dodoso la Usawa

Kwanza kabisa, bosi alikubali kwa maandishi dodoso hili la kuuliza kama watu wanatendewa sawa kazini, na asikubali kuuliza tu. Akubali matokeo yabandikwe ubaoni. Kama hayuko tayari kusoma kwamba safari zenye posho huzungukia watu walewale watatu, acha watu wafanye kazi zao.

Dodoso liwe la Kiswahili. La Kiingereza hujibiwa na wa ghorofani, halafu mnashangaa kila mtu ana furaha. Na neno "ujumuishi", yaani kutomwacha mtu nje, liache kwenye maandiko ya wafadhili. Uliza vinavyoonekana: nani hupewa ovataimu, nani hupelekwa mafunzo, anayetembelea magongo anafikaje chooni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, hapa Tanzania, inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Wengi wakishatimiza hesabu hiyo hawaulizi tena.

Swali moja, jambo moja. "Msimamizi wako anakuheshimu na kukusikiliza?" ni maswali mawili.

Kabila usiulize. Hata sensa yetu haijauliza tangu ile ya 1967. Uliza kama mtu ameona upendeleo wa kikabila, inatosha.

Walinzi na wafanya usafi wa wakala nao ni watu wako, hata kama mshahara wao unapitia kwingine. Wasio na simu janja wape karatasi na sanduku lenye kufuli, na wajaze saa za kazi, si kwenye nusu saa yao ya kula.

Sasa hili la majina, tulia usome.

Nilikuwa afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam. Tulituma dodoso "bila jina", na mimi mwenyewe nikapita idara kwa idara nikiapa kwamba hakuna atakayejulikana. Ila juu ya fomu tuliuliza idara, jinsia, umri na miaka ya kazi. Karakana ilikuwa na mwanamke mmoja tu, fundi umeme. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba tangu arudi likizo ya uzazi ameomba muda wa kunyonyesha, na msimamizi kamjibu akanyonyeshe akistaafu. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku, kwa hiyo hakuwa anaomba hisani.

Meneja aliomba faili la Eksel nikampa, bila hata kufikiri. Akachuja: karakana, mwanamke. Ukabaki mstari mmoja. Akausoma kwa sauti kwenye kikao, akacheka, na msimamizi mwenyewe ameketi pale. Ratiba iliyofuata ikamhamishia zamu ya usiku.

Alikuja ofisini kwangu, hakupandisha sauti. "Dada, si ulisema halina jina?" Sikuwa na jibu. Mwaka haukuisha akaacha kazi. Dodoso la mwaka uliofuata lilirudi limejaa "nakubali kabisa" kutoka juu hadi chini, kiwanda kizima. Meneja akalipeleka kwenye bodi kama ushindi.

Kwa hiyo: kundi lenye watu chini ya kumi liunganishe na jingine, au usitoe matokeo yake peke yake. Idara na jinsia usiviweke pamoja kama huna sababu. Maoni ya kuandika yapitie kwa mtu wa nje, ayafupishe kabla hayajafika kwa yeyote mwenye kupanga zamu. Faili ghafi, lile lenye majibu ya kila mtu mmojammoja, halitoki, hata aliombe nani. Ukitumia Google Forms, hakikisha haikusanyi anwani za barua pepe. Tangu sheria ya taarifa binafsi ya 2022, habari za afya na ulemavu wa mtu ni taarifa nyeti, na ukizivujisha utawajibika wewe uliyezikusanya.

Mengine ni ya kuangalia tu. Usigawe mwezi wa kuhuisha mikataba. Msimamizi asisimame karibu na sanduku. Anayepitia majibu asiwe shemeji yake meneja. Na usiseme "hakuna atakayejua" kabla hujakaa mwenyewe na faili hilo na kujaribu kumtafuta mtu ndani yake.