Kabla Novemba haijaingia: maandalizi ya kuwaombea marehemu

Kwa sisi Wakatoliki Novemba ni Mwezi wa Marehemu, na mwezi huo hutengenezwa Oktoba. Tarehe 1 Novemba ni Sherehe ya Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote, na tangu tarehe 1 hadi 8 muumini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa sala ya kimoyomoyo, anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, walioko toharani, wanakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Wengi wetu tunalijua hilo tangu katekisimu. Tatizo ni kwamba tarehe 2 inatukuta hatujaungama, bahasha ya majina ya marehemu wa kuombewa bado iko tupu juu ya kabati, na kaburi la babu limemezwa na majani.

Anza na kitubio, kwa sababu ndicho kinachowaangusha wengi. Rehema kamili inadai kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zinatosha), na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na likikosekana rehema inakuwa ya sehemu tu. Kitubio kimoja kinatosha kwa rehema kadhaa, na kinaweza kutangulia au kufuata kwa siku kama 20 hivi. Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu, hizo zinarudiwa kwa kila rehema, na kwa siku moja unapata rehema kamili moja tu. Maana yake ni hii: ukiungama Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, umeshajiweka sawa kwa siku zote nane, na kilichobaki ni kujipanga uwahi Misa ya alfajiri kabla ya kazi. Usitegemee kumpata padre kitubioni asubuhi ya tarehe 2. Siku hiyo ana ruhusa ya kuadhimisha Misa tatu, ruhusa aliyoitoa Papa Benedikto XV mwaka 1915 wakati vita vikuu vikiendelea kuua watu Ulaya, na paroko mwenye vigango vingi (makanisa madogo chini ya parokia) ataitumia yote.

Kwa aliye kwenye ndoa isiyobarikiwa, Komunyo haiwezekani kwa sasa. Asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Aende makaburini, asali, atoe sadaka, aandikishe Misa. Hakuna sala ya kumwombea marehemu inayokataliwa mlangoni. Na akishafika ofisi ya parokia kuandikisha hiyo Misa, aulizie na taratibu za kubariki ndoa.

Nia za Misa, yaani mtu au jambo ambalo Misa inatolewa kwa ajili yake, zina utaratibu ambao watu wanauchanganya. Katika zile Misa tatu za tarehe 2, padre anaweza kupokea sadaka ya nia kwa Misa moja tu. Nyingine ni kwa ajili ya marehemu wote na kwa nia za Baba Mtakatifu. Kwa hiyo Misa ya mama yako peke yake, siku hiyohiyo, usiitegemee. Bahasha unayojaza na kuiweka mbele ya altare ni jambo jingine: majina yote yanaombewa kwa pamoja. Kama unataka Misa yenye nia ya mtu mmoja, nenda ofisini wiki mbili tatu kabla na ukubali tarehe utakayopewa, hata ikiwa Jumanne ya katikati ya mwezi. Asiye na pesa aseme tu hana. Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuadhimisha kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka.

Halafu majina. Kaeni jioni moja na wazee wa nyumbani mkiwa na daftari, maana shangazi anayekumbuka jina la ubatizo la bibi mzaa baba hatakuwepo kila mwaka. Andikeni jina la ubatizo na la nyumbani. Msiwaache waliokufa bila ubatizo, watoto waliofariki wachanga, wala mjomba Mwislamu: Misa inaweza kutolewa kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au marehemu. Daftari hilo likae na Biblia, si kwenye simu inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Kuhusu makaburi, wengi wanaoishi mjini huona hawana la kufanya kwa kuwa wazazi wamezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo kijijini. Si kweli. Rehema haidai utembelee kaburi la yule unayemwombea. Unaweza kusimama makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam, na kumwombea mama aliyelala Kibosho. Na tarehe 2 kuna mlango mwingine: kutembelea kanisa na kusali humo Baba Yetu na Nasadiki, kwa masharti yaleyale.

Wanaokwenda kijijini wabebe fyekeo, jembe na glavu, wafike siku moja kabla. Kufyeka huku padre anapita na maji ya baraka ni fujo. Mvua za vuli huwa zimeanza, kwa hiyo viatu vya tope. Mshumaa uliochomekwa ardhini hauvumilii upepo. Chukua kopo la maziwa, tia mchanga robo, usimamishe mshumaa humo ndani, na ukiondoka uondoke nalo.

Lipo pia la kumalizana nyumbani, si juu ya kaburi. Karibu kila ukoo una mtu atakayekuja na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, akitaka kumwaga kidogo kwa ajili ya wazee. Mkubwa wa familia azungumze naye usiku wa kuamkia, kwa heshima, ijulikane mapema kwamba pale itasaliwa Rozari na "Raha ya milele uwape, ee Bwana", kisha chakula kiliwe na mbege inywewe nyumbani kwa amani. Nimeshaona ugomvi wa aina hiyo mbele ya watoto, na haupendezi.

Wanakwaya wakumbuke kwamba tarehe 2 altare haipambwi maua na kinanda ni cha kusindikiza uimbaji tu. Nyimbo za shangwe ziishie kwa Watakatifu Wote.

Wa mwisho ni mgonjwa au mzee asiyetoka kitandani, ambaye mara nyingi ndiye mwenye marehemu wengi kuliko sisi sote. Padre anayemuungamisha anaweza kumbadilishia tendo lililoagizwa, pengine sala anayoiweza badala ya safari ya makaburini. Lakini lazima padre ajue kwamba yupo. Mpelekeeni katekista au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani jina lake mapema, pamoja na maelekezo ya nyumba, na siku ya kuletewa Komunyo muandae meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa.